Kishungi cha Nyuma ya Sikio

Bugarama, 19 Oktoba 2023

Maman Eugénie mpendwa,

Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani, usinicheke. Simu yangu ilizama kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga siku ya nne ya ndoa. Ile ya bwana wangu Théoneste ndiyo simu ya nyumba sasa, na sikio lake limekufa, inasikika kwa spika tu. Ukipiga kuniuliza wigi linakaaje, atakusikia bwana wangu, atakusikia mama mkwe jikoni, na majirani wa pande zote mbili. Kwa hiyo nimeongea na Hakimu, yule mzee anayeleta sabuni na vitambaa kwenye soko la huku kila Ijumaa na kurudi Kamembe jioni. Atabeba boksi la viatu. Wigi chafu litakuja kwako saluni, safi litarudi kwangu, na barua itakaa chini ya karatasi. Nyumbani nimesema naagiza mafuta ya nywele ya kuuza.

Ulinionya kuhusu joto la huku nikadhani unatia chumvi. Saa nne ya asubuhi jasho limeshajaa kwenye kofia ya ndani, kichwa kinawasha hadi machozi yanatoka, na siwezi kujikuna mbele ya watu. Nimejifunza kujipigapiga juu kwa kiganja. Mama mkwe ameniuliza kama nina chawa.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Mama mkwe wangu, Mukagatare, ametangaza mezani kwamba gutwikurura, siku ya kumfunua bibi harusi, itafanywa kwa desturi ya nyumba yao. Hataki haraka za siku hizi za kumaliza kila kitu siku ile ile ya harusi. Itakuwa Jumamosi tarehe 6 Januari, mpunga ukishavunwa. Familia zote mbili zitakuwepo. Nitakaa kwenye mkeka katikati yao, atanilowesha nywele kwa maji na maziwa, ataingiza vidole, atakata kishungi kwa mkasi na kukiinua watu wakione. Alisema hivi, wigi yeye huliita perike: "Siku iyo sitaki meshi, sitaki perike, sitaki nywele ya duka. Minataka ile Mungu alikupatia."

Mungu alinipatia, kisha zikapukutika zote nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Unajua wewe, anajua daktari, anajua bibi yangu wa Gitambi aliyenilea. Théoneste hajui. Anadhani ni meshi zilizoshonwa juu ya nywele zangu, na kwamba kitambaa ninacholalia ni cha kuzitunza zisivurugike.

Naogopa, Maman Eugénie. Hakuna gundi inayoshika hata kwenye maji?

Mwanao,
Uwineza


Kamembe, 24 Oktoba 2023

Uwineza,

Barua yako nimeisoma nimesimama, mteja akiwa na povu kichwani. Nimeona mwandiko wako umelala upande nikajua mambo si mazuri.

Gundi sahau. Kwa joto la Bugarama itayeyuka itiririke hadi kwenye nyusi, halafu ngozi yako itachubuka na hutaweza kuvaa chochote. Na wewe, binti, hilo wigi umelifanyia nini? Linanuka moshi, na ncha zimejisokota. Nilikwambia mara ngapi? Hizi ni nyuzi za kiwandani, haziwezi moto. Ukifunua sufuria, rudisha kichwa nyuma. Ukifua mwenyewe, maji baridi na shampuu kidogo, unazamisha na kuinua, husugui kama unafua soksi za mwanamume. Unachana kwa kitana chenye meno mapana, unaanzia kwenye ncha unapanda juu. Unalikausha juu ya bakuli lililopinduliwa, kivulini. Na kofia ya ndani ubadilishe kila siku, nimekuwekea tatu.

Sasa hiyo tarehe 6. Mawigi yote mawili uliyonayo hayafai. Mtu mzima akiyashika akiwa ameyalowesha atajua. Inatakiwa nywele ya mtu mweusi, fupi, isiyotiwa dawa, iliyofungwa uzi mmoja mmoja kwenye wavu mwembamba. Ni kazi ya wiki tano kwa macho yangu haya. Nywele ninazo. Binti yangu Iriza alizikata alipokwenda kusoma Kigali, nikazihifadhi kwa sababu ya ujinga wa mama, sasa zimepata kazi. Usianze kuniambia habari za uchawi. Ni za Iriza, nimezisuka tangu akiwa mtoto.

Pima kichwa kwa uzi: kuzunguka kwenye paji hadi kisogoni, kisha sikio hadi sikio kwa juu, kisha paji hadi shingoni. Funga fundo mwisho wa kila kipimo na unitumie huo uzi wenyewe. Usiandike namba, hujui kusoma futi.

Na neno la mwisho, ulikasirikie ukitaka. Mwambie Théoneste. Mwanamume anayepima magunia kwenye ghala la ushirika kila siku si mtu wa kuanguka kwa jambo dogo. Miaka ishirini nashika vichwa vya wanawake wa Rusizi na wa Bukavu. Wenye siri kama yako ni wengi kuliko unavyodhani.

Maman Eugénie


Bugarama, 3 Novemba 2023

Maman Eugénie,

Uzi huu hapa, mafundo matatu. Nilipimia chooni haraka haraka, kwa hiyo uongeze nafasi kidogo.

Moto umenipata. Jumatatu nilikuwa napika ugali kwa kuni, upepo ukageuka, ukanipulizia moto usoni. Nywele za mbele zilijikunja zikawa vidonge vidogo vigumu. Mama mkwe alikuwa nje anapepeta mchele, akainua pua. "Nini njo inaungua?" Nikasema ni mfuko wa plastiki umeingia motoni. Akaja mwenyewe hadi mlangoni, akautazama moto, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nikafunga kitambaa haraka. Tangu siku hiyo sijala nikashiba.

Halafu amekuja Gaudiose, dada wa marehemu baba mkwe. Huyo ndiye mwenye sauti katika ukoo huu, hata mama mkwe humpisha kiti. Alikaa siku mbili akasimulia habari za bibi harusi mmoja wa kule Butare, Butare yetu hii ya Rusizi, aliyekutwa na kidonda mguuni alichokificha. Walimrudisha kwao na godoro lake. Alicheka alipokuwa anasimulia. Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka.

Unasema nimwambie Théoneste. Sikuwahi kukusimulia habari za Aimable. Tulichumbiana kabla ya huyu. Nilimwambia Jumapili, baada ya misa, nikavua kitambaa nikamwonyesha. Alinishika mkono, akasema si kitu. Ijumaa baba yake alifika kwa bibi na wazee wawili kusema kwamba mtoto wao hajawa tayari kuoa. Kijijini walisema nina ukimwi. Wengine walisema nimerogwa, na watoto nitakaowazaa watatoka hivyo hivyo. Bibi alikaa miezi hakwenda kanisani kwa aibu.

Ningeweza kuvumilia Aimable kwa sababu nilikuwa sijampenda sana. Théoneste nampenda. Jana alileta embe moja kutoka kazini, akalikata katikati, akanipa upande wenye nyama nyingi. Nikimwambia, akanishika mkono, akasema si kitu, nitaanza kuhesabu siku hadi Ijumaa. Siwezi tena.

Nitengenezee hilo wigi. Nikivuka siku moja tu, hiyo ya tarehe 6, nimevuka yote.

Uwineza


Kamembe, 7 Novemba 2023

Uwineza,

Naandika kwa kifupi kwa sababu sitaki kukutisha bure, lakini lazima nikuulize. Boksi lako umelifunga wewe mwenyewe? Mara ya kwanza kamba ilikuwa na fundo moja, la upande. Safari hii lina mafundo mawili, juu, yamekazwa kwa nguvu hadi nikayakata kwa kisu. Na karatasi ya ndani imekunjwa vizuri mno. Wewe hukunji hivyo.

Wigi lililoungua nitalipunguza mbele, litakuwa na nywele fupi kwenye paji, useme ni mtindo. Kuanzia sasa mpe Hakimu boksi jioni anapoondoka, mkononi, usiliache mezani kwake tangu asubuhi.

Eugénie


Bugarama, 16 Novemba 2023

Maman Eugénie,

Mimi hufunga fundo moja.

Nimemuuliza Hakimu. Ameapa kwa Mungu wake kwamba hakulifungua. Alipokwenda swala ya Ijumaa aliacha meza kwa jirani wa kumlindia, kama afanyavyo siku zote. Jirani gani, nikamuuliza. Akasema wako wengi, hakumbuki ni nani siku ile. Nikaona ananikwepa macho.

Sasa sikiliza mambo yanayotokea humu ndani, uniambie kama nimeanza kuwa mwendawazimu.

Mama mkwe hanipi tena kupika. Tangu mwezi uanze ameniondoa jikoni kabisa, anasema, "Wewe ukae kule kwa kivuli, uchambue maharagi." Anaona uchafu nitakaotia kwenye chakula? Nikitoka juani ananiita nirudi ndani. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza na mimi, mmoja akanirukia mgongoni, mama mkwe akamvuta kwa nguvu hadi akalia. Hataki waniguse. Ukimwi, nadhani ndilo neno lililo kichwani mwake.

Théoneste ametia komeo kwenye mlango wa chumba chetu, kwa ndani. Hakusema kwa nini. Kila tukienda kulala anageukia ukutani na kukaa hivyo, mgongo kwangu, hadi nimalize kuvua nguo na kufunga kitambaa, na hageuki mpaka nizime taa. Zamani alikuwa ananitazama. Alikuwa ananitania kwamba nachukua muda mrefu kuliko padri anayevaa kwa ajili ya misa.

Wanajua kitu, Maman Eugénie. Au wananichukia tu. Sijui lipi ni baya zaidi. Nimepungua kilo, pete inazunguka kidoleni.

Uwineza


Bugarama, 24 Novemba 2023

Kwa Madamu Eugénie, mwenye saluni, Kamembe

Hunijui. Mimi ni Mukagatare, mama ya Théoneste. Nilisoma hadi darasa la nne, mwandiko wangu ni wa polepole, univumilie.

Ni mimi nilifungua boksi. Tarehe 3 nilienda sokoni kwa Hakimu kutafuta sabuni, yeye akaenda kusali akaniachia meza. Nikaona mwandiko wa mke wa mwanangu juu ya boksi, nikasema niangalie hayo mafuta anayouza, mbona hatuoni faida yake. Nikakuta perike, imeungua mbele. Chini yake barua. Maneno yalikuwa mengi kwangu, nikamwita Théoneste kutoka ghalani, akanisomea nyuma ya magunia. Alipofika kwenye embe alinyamaza, nikadhani barua imeisha. Kisha akaendelea.

Basi tunajua. Yote. Aimable, chooni, uzi wenye mafundo.

Ninataka kitu kwako. Siku ya tarehe 6 batu mia moja watakuwa uani kwangu, na Gaudiose atakaa mbele. Siwezi kufuta hiyo siku, Gaudiose atauliza kwa nini na hataacha kuuliza. Mkasi utakuwa mkononi mwangu. Niambie hiyo perike mpya imeshonwa namna gani, na fasi gani ninaweza kukata.

Usimwambie Uwineza kwamba nimekuandikia. Ninakuomba sana na pia ninakukataza.

Mukagatare


Kamembe, 29 Novemba 2023

Kwa Mama Mukagatare,

Nimepokea barua yako. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, nakuambia ukweli.

Mimi ni mwanamke wa kazi, nimekulia Bukavu, nimerudi Rwanda na mashine moja ya kushona na watoto watatu, na watu wameshanidanganya kwa maneno mazuri kuliko yako. Unaniuliza pa kukata. Mtu anayetaka kumfunika mtoto anauliza swali hilo. Anayetaka kumuaibisha mbele ya watu mia anauliza hilo hilo. Nitajuaje wewe ni yupi?

Mnajua tangu tarehe 3. Yule msichana anakonda humo ndani mwenu, anaogopa hadi kivuli chake, na nyinyi mmekaa kimya. Kwa nini? Na Gaudiose akisema mkasi ni wake, utafanya nini?

Nijibu hayo mawili kwanza. Wigi bado liko kwangu.

Eugénie


Bugarama, 7 Desemba 2023

Madamu Eugénie,

Uko mkali. Vizuri.

La kwanza. Nilitaka kumwambia jioni ile ile. Nilishasimama. Mwanangu akanishika nguo, akasema: "Mama, ukimwambia atatoroka. Umesikia alivyosema juu ya yule mwengine. Muache aniambie yeye mwenyewe." Kila siku tunangoja aseme. Hasemi. Nimemtoa jikoni ili asiungue, nimewafukuza batoto wasimvue perike, Théoneste ametia komeo ili mtu asimwingilie ghafla akijitengeneza. Ninaona anazidi kukonda na sijui tunakosea wapi. Mimi si mtu wa maneno laini, nilizaa wavulana tu.

La pili. Mkasi hauwezi kwenda kwa Gaudiose kabla yangu. Mama ya bwana harusi ndiye anakata. Mimi nilikatwa na mama yake Gaudiose, kwenye uwanja huu huu, na alinikata na sikio kwa sababu hakunipenda. Alama ingalipo. Nilijifungua watoto watano katika nyumba hii nikiwa bado ninamwogopa.

Kama huniamini, mshonee kitu chochote, nitajitahidi mwenyewe. Lakini ninaweza kukosea.

Mukagatare


Kamembe, 13 Desemba 2023

Mama Mukagatare,

Wigi linakuja kwa Uwineza Ijumaa hii. Haya ni yako peke yako. Soma na Théoneste, kisha choma.

Nyuma ya sikio la kushoto, vidole viwili juu ya nywele za shingoni, nimeacha kishungi kimoja kirefu kuliko vingine. Hapo chini wavu ni mara mbili. Ukivute kidogo tu, kwa vidole viwili. Mkasi uulaze, usiusimamishe. Kata mara moja. Ukirudia, utagusa uzi wa kushikilia na upande wote utaachia. Maji umwage kisogoni, usimwage kwenye paji, kwa sababu kule mbele wavu ni mwembamba na ukilowa utaonekana ukingo wake. Na kabla ya kukata, weka kiganja chako kingine juu ya utosi, kizito, kisiondoke. Watu watadhani unambariki.

Jizoeze. Ukikosea unamwua yeye, na mimi unanimaliza.

Neno langu umelipata, sitamwambia. Nisije kujuta.

Eugénie


Bugarama, 28 Desemba 2023

Maman Eugénie,

Wigi ni zuri. Nililivaa chooni mbele ya kile kioo kidogo, nikajiona nilivyokuwa nikiwa na miaka kumi na minane. Nililia. Mwambie Iriza asante.

Lakini sitalivaa mbele yao. Naondoka.

Juzi nilirudi kutoka mferejini mapema. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, ameketi juu ya kinu. Alikuwa na mkasi mpya. Kwenye mapaja alikuwa na rundo la mahindi mabichi, anashika ndevu za hindi, anazivuta kwa vidole viwili, anakata. Anashika nyingine, anakata. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Alirudia mara ishirini, labda thelathini. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, kama mtu anayechinja. Nilirudi kinyumenyume hadi nilipokanyaga kuku.

Anajiandaa, Maman Eugénie. Anajua kilicho chini na anajizoeza namna ya kukiondoa mbele ya watu, ili hata nikimshika mkono nisiweze kuzuia. Na jana nilimsikia anamwambia Théoneste, "Siku iyo usisogee karibu. Utaharibu." Yeye akajibu, "Ndiyo, Mama." Ndiyo, Mama! Bwana wangu.

Begi liko tayari chini ya kitanda. Ijumaa tarehe 5 wote watakuwa sokoni na kwenye maandalizi. Nitapanda basi la saa sita kwenda Kamembe, nishuke hadi Cyangugu, nivuke mpaka kwenda Bukavu kwa mama mdogo. Sitapita kwako, wasije wakakusumbua. Mwambie bibi yangu asije kwenye sherehe.

Nisamehe kwa kazi ya wiki tano.

Uwineza


Kamembe, 2 Januari 2024

Uwineza, mwanangu,

Nimemwomba Hakimu akupe hii mkononi asubuhi ya Ijumaa kabla hajapanga hata kipande cha sabuni. Nimempa na nauli ya pikipiki akutafute kama hauko sokoni.

Usipande hilo basi.

Kuna kitu ninachokijua na nimefungwa mdomo. Nimeandika barua hii mara nne. Katika mbili nilikuambia yote, nikazichana, kwa sababu ningekuambia ungekimbia kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Ninakufahamu. Na mimi pia naogopa. Naweza kuwa nimedanganywa, na nikikubakiza hapo nitakuwa nimekupeleka mwenyewe kwenye aibu, na hutanisamehe, na utakuwa na haki.

Siku ya kwanza ulipokuja saluni ulikataa kuvua kitambaa mpaka nifunge mlango na nigeukie ukutani. Ulikaa nusu saa. Kisha ukasema, haya, geuka. Sijui kwa nini uliniamini, hukunijua. Nakuomba uniamini vile vile mara moja zaidi.

Baki. Vaa wigi, libane kwenye kofia ya ndani kwa pini mbili kila upande, kaa kwenye mkeka. Usiinue mikono.

Jumamosi nitafunga saluni. Sitaweza kushika kichwa cha mtu.

Eugénie


Bugarama, 8 Januari 2024

Maman Eugénie,

Nilibaki. Barua yako ilinikuta kituoni, begi likiwa miguuni. Niliisoma mara tatu, basi likaondoka, nikarudi nyumbani nikipita njia ya mashamba.

Jumamosi walijaa uani. Bibi alikaa na watu wetu wa Gitambi, uso umemkauka. Gaudiose mbele kabisa, amevaa umushanana wake wa sherehe, wa zambarau. Nilikaa kwenye mkeka, mikono mapajani kama ulivyosema. Nilimtafuta Théoneste kwa macho, nikamwona mbali, karibu na lango, amenipa kisogo. Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe alikuja na bakuli la maziwa na maji. Kabla hajapiga magoti Gaudiose akasimama: "Lete mukasi, mimi nikate. Wewe mikono yako inatetemeka, banaona." Mama mkwe hakugeuka hata kumtazama. Akasema, "Nilikatwa na mama yako, Gaudiose, na sikio langu unaliona. Uyu nitakata mimi." Gaudiose akakaa polepole.

Maji yakaja kisogoni, baridi. Kiganja chake kikashuka juu ya utosi, kizito kama jiwe la kusagia. Nilifumba macho. Nilisikia mkasi unafunguka karibu na sikio la kushoto, na nilikuwa nimeshaanza kuinua mikono, Maman Eugénie, nilikuwa naamka nikimbie, alipoinama akaninong'oneza:

"Usitetemeke, mutoto wangu. Eugénie alishaniambia fasi ya kukata."

Akakata. Mara moja. Akainua kishungi, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaangua kilio ambacho sijawahi kulia tangu nizaliwe. Walifurahi sana. Walisema huyu ni bibi harusi anayejua desturi. Gaudiose mwenyewe alikishika kishungi, akakifikicha kati ya vidole, akasema nina nywele nzuri, za Kinyarwanda hasa.

Nimekukasirikia tangu Jumamosi hadi leo, na nitaendelea kidogo. Ulijua! Mimi nahesabu siku za kufa na wewe unajua. Nikipoa nitakuja Kamembe nikubusu mikono.

Jana Jumapili, saa tisa ya mchana, watu walikuwa wameshaondoka. Nilimwita Théoneste chumbani. Nikamuuliza, tangu lini?

"Tangu tarehe tatu, mwezi wa kumi na moja."

Na mgongo wako wote huo, kila tukilala?

"Nilikuwa minakupatia nafasi. Nilifikiri utasema."

Miezi miwili! Nililala nikidhani anachukizwa nami, na yeye ananigeuzia mgongo kwa heshima. Nilimpigia kelele hadi kuku wakakimbia uani. Nikamuuliza kwa nini hakufungua mdomo hata siku moja. Alitazama chini ya kitanda, mahali begi lilipokuwa.

"Niliogopa utaenda."

Basi nikatoa pini, nikavua wigi, nikavua na kofia ya ndani. Sikufunga mlango, sikumwambia ageuke. Hakuna mwanamume aliyeniona hivyo tangu Aimable, na sikujua niweke wapi macho yangu. Théoneste akasogea, akagusa hapa kwenye paji, mahali mpira wa kofia ulipokuwa umeichana ngozi, pamekuwa kidonda chekundu kutoka sikio hadi sikio.

"Hii inakuumiza tangu siku ngapi?" akauliza.

Nikasema tangu harusi. Akaenda akaleta kopo la mafuta ya mgando, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kunipaka kidogo kidogo kwa kidole kimoja.

Mwanao,
Uwineza